Hazina Ambayo Mwenyewe Hakurudi Kuichukua



Vijana wenzangu, kila mtu ana ugonjwa wake. Wangu mimi ni vitabu vya sarafu na hazina zilizofukiwa, hasa vile ambavyo havichapwi tena. Navitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta, Dar es Salaam, kwa walimu wastaafu, popote. Kurasa zimegeuka njano, vingine mchwa wamenitangulia. Kazi ya Neville Chittick kuhusu Kilwa, juzuu mbili za mwaka 1974, bado sijaipata kwa bei ya mfuko wangu. (Anayeuza anajua anachouza, jamani.)

Vitabu hivi vina huzuni ambayo ilinichukua muda kuiona. Hazina inayofukuliwa ni ile ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Angerudi, tusingeikuta. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, wanaakiolojia walikuta sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha na chache za dhahabu. Kuna mtu alizificha yapata miaka elfu iliyopita akijiambia atazifuata. Aliumwa? Alizama na chombo chake? Sarafu zipo, jina lake halipo.

Ndiyo maana nikisoma habari ya mtumishi aliyefukia talanta ya bwana wake (Mt 25:14-30), simwoni mjinga. Zamani shimo ndilo lilikuwa benki. Hata walimu wa sheria wa Kiyahudi walihesabu kufukia kuwa ndiyo njia salama ya kutunza fedha ya mtu. Na talanta moja si hela ya vocha: ni kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu, ni zaidi ya miaka 16 ya kazi bila kupumzika hata Dominika. Lazima uogope! Ila tofauti ni hii: wenye mali wa kwenye vitabu vyangu hawakurudi. Bwana wa huyu alirudi, na akauliza.

Nawaandikia haya kwa sababu ya kijana mmoja wa jumuiya yetu. Ameniruhusu nieleze, jina nalihifadhi. Alisikia nina vitabu vya rupia za Mjerumani, akaja kutafuta ramani. Watu wamemwambia kuna sanduku la dhahabu karibu na makaburi ya misheni ya zamani, na mganga anataka mbuzi mweusi na laki tatu za "kufungua". Alikuwa tayari kuuza pikipiki yake. Tena akanitolea Injili: si hata Yesu alisema yule mtu aliuza vyote akanunua shamba?

Nikamfungulia kitabu. Rupia za dhahabu, zile za rupia 15 zenye tembo na mlima nyuma yake, zilitengenezwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga njia ya bahari. Zilikuwa kama 16,000 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Ramani hamna, ndugu yangu. Kinachouzwa hapo ni njaa yako.

Kisha tukasoma Mt 13:44 taratibu. Mtu yule hakuja usiku kwenye shamba la mwenzake. Alilinunua. Na Injili inasema alikwenda kuuza kwa furaha. Nikamwuliza, wewe una furaha? Akanyamaza. Baadaye akasema hata kupita kwenye yale makaburi anaogopa, na kwamba mganga keshachukua elfu themanini za kwanza. Toka hapo hajapokea Komunyo. Anakaa benchi la nyuma, wenzake wakipanda yeye anatoka nje kana kwamba amepigiwa simu.

Nikampa rupia moja ya fedha aishike, ya kwangu, imechakaa hasa. Haing'ai. Lakini sura ya Kaisari Wilhelm ipo, na kofia yake, na mtu yeyote wa sarafu atakuambia ni ya nani. Wewe una chapa ya Ubatizo, nikamwambia, na Kanisa linafundisha kwamba haifutiki. Ile drakma ya Lk 15:8 haikujua hata kama imepotea, haikupiga kelele, haikujisafisha. Mama ndiye aliyewasha taa akashika ufagio. Akacheka kidogo, akasema basi yeye yuko chini ya kabati.

Jumamosi nitakuwa kwake saa tisa. Padre anaanza kusikiliza maungamo saa kumi, na mimi mwenyewe nina ya kwangu. Pikipiki bado anayo, tutapanda hiyohiyo.