Je, Kulea Kwasomewa Chuoni?

Juma lililopita alinijia katekista mmoja mzee, uso umekunjamana. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, amepata nafasi ya kusomea shahada ya pili katika afya ya akili ya watoto na vijana. "Padre," akaniuliza, "mama yake alilea wanane pasipo kitabu. Mgeni atajuaje moyo wa mtoto kuliko mzazi wake?"

Swali hilo si la kudharauliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 1965 juu ya malezi, wakiri kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Lakini tamko lilo hilo lataka watoto wasaidiwe kukua kwa msaada wa elimu mpya ya nafsi. Mababa hawakuona ushindani hapo. Mimi nilichelewa kuelewa.

Siku moja mvulana wa kidato cha pili alinijia nyumbani, wala si kuungama. Alisema usingizi umemkimbia, hata mpira haumpendezi tena. Nikamwambia asali rozari na kuacha uvivu. Akatii. Alisali, naye akazidi kunyong'onyea, hata sista mmoja muuguzi alipomketisha na kumwuliza maswali ambayo sikujua kama yapo. Mtoto alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nimemhukumu.

Mapenzi ya mzazi, na ya padre pia, si ujuzi. Anayeuita ugonjwa dhambi humtwika mtoto mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili: Sheria ya 1917 iliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa kusudi, ile ya 1983 haikulirudia katazo hilo, na Katekisimu ya 1992 yafundisha kwamba machafuko mazito ya nafsi yaweza kupunguza lawama ya mtendaji. Nalo Shirika la Afya Duniani lasema theluthi moja ya maradhi ya akili huwa yamekwisha kuanza mtu afikapo miaka 14. Wengi wa umri huo twawaandaa kwa Kipaimara, tukiwauliza amri kumi tu!

Hata hivyo, binti asidhani shahada itamfanya mama wa watoto wa watu. Akirudi na maneno makubwa matupu, baba yake atakuwa na haki ya kununa.

Mzee akauliza kama auze ng'ombe wawili kwa ajili ya ada. Nikamjibu auze, na binti akihitimu, aanze kutufundisha sisi mapadre.