Haya na Maradhi ya Mahali pa Siri

Swali limeletwa mbele ya darasa letu, nasi twaona lafaa kuandikiwa: mtu aliyepatwa na maradhi ya mahali pa siri, akayanyamazia kwa kuona haya, je, amefanya jema au amejidhulumu nafsi yake? Wengi watajibu upesi kwamba haya ni pambo la muungwana. Hilo ni kweli, wala hatulikanushi. Lakini kabla ya kukata hukumu yapasa kuyajua maradhi yenyewe na mwendo wake.

Miongoni mwa maradhi hayo ni saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa. Mwaka 2020 ilikisiwa kuwa watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nayo. Aghalabu huanza kwa kinyama kidogo kiotacho ndani ya utumbo, kisichouma, nacho huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka. Saratani ikisha kukomaa husafiri kwa njia ya damu na ya limfu, ikaingia katika ini, mapafu na utando wa tumbo. Kutokeza juu ya ngozi ni nadra, kwa wagonjwa wachache tu katika kila mia. Ikitokeza, mara nyingi huwa ni tumboni, karibu na kovu la upasuaji au penye kitovu. Lakini waganga wameiona hata kichwani, usoni na mgongoni, mahali ambapo hapana ambaye angeliudhania utumbo. Huwa ni uvimbe mgumu, pengine mwekundu, pengine wa rangi ya ngozi yenyewe, na mara nyingi hauna maumivu. Mwenyewe husema ni jipu, akalipaka dawa na kulingojea liive, nalo haliivi.

Huko Marekani, katika mji wa Rochester, palikuwa na mtawa muuguzi, Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa mpasuaji William Mayo. Katika kuwatayarisha wagonjwa aliona kwamba wenye kivimbe kigumu penye kitovu huwa na saratani iliyokwisha kuenea tumboni. Mayo akaiandika khabari hiyo mwaka 1928, na hata leo waganga hukiita kivimbe hicho kwa jina la mtawa yule. Hakuwa na chombo chochote katika ugunduzi wake, illa jicho lenye kuangalia na ulimi wa kusema alichokiona.

Basi alama hiyo ya ngozini si mwanzo wa khabari, bali ni karibu na mwisho wake. Kabla yake mwili ulikwisha kumwonya mwenyewe: damu katika choo, mwendo wa tumbo kubadilika kwa wiki nyingi, kukonda bila sababu, uchovu wa kupungukiwa na damu. Maonyo hayo ulimi huona tabu kuyataja. Mtu husema, "Ni bawasiri tu," akanunua mizizi sokoni, na mwaka ukapita. Kweli, bawasiri nayo hutoa damu, tena ni nyingi zaidi kuliko saratani. Lakini mgonjwa hawezi kuzipambanua kwa dhana. Awezaye ni mganga, kwa kumpima, kwa kupitisha kamera nyembamba ndani ya utumbo, na kwa kukata kipande kidogo kitazamwe kwa darubini.

Yuko atakayesema kwamba wazee wetu waliishi na haya yao na hawakufa kwa maradhi haya. Tumjibu kwa insafu. Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu kwa Waafrika wa mashamba, naye akaihusisha khabari hiyo na chakula chao kisichokobolewa. Leo hali si ile. Saratani hii yazidi kuonekana katika Kenya na kwa jirani zake. Basi desturi ya kunyamaza ilifanyika wakati khatari ilikuwa ndogo. Khatari ikikua, desturi yapasa kupimwa upya.

Tena tazameni Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Si nchi ngeni kwetu. Kendu Bay, iliyo ndani ya Homa Bay, ina Waislamu wa tangu zamani. Watu wa huko wamekwisha kulilipia somo hili kwa thamani kubwa. Ukimwi ulipoingia, baadhi ya wagonjwa walitokwa na mabaka ya zambarau juu ya ngozi, nayo ni saratani nyingine iitwayo Kaposi. Wajaluo wana neno chira, yaani maradhi ya kukonda yamshikayo aliyevunja miiko. Watu wengi wakausoma mwili wa mgonjwa kana kwamba ni hati ya hukumu: amekosa, ndiyo maana amekonda. Mgonjwa akajificha, na aliyejificha hakutibiwa. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za Ukimwi bila malipo. Kwa dawa hizo hata mabaka ya Kaposi mara nyingi hupungua. Lakini dawa haimfuati mtu mafichoni. Ni lazima kwanza aseme kuwa ni mgonjwa.

Iliyobaki ni hoja ya sitara, nayo ndiyo nzito. Sitara ni kufunika kosa la mtu, na maradhi si kosa. Tena kumweleza mganga mmoja na ndugu mmoja mwaminifu si kujitangaza sokoni. Haya humzuia mtu na tendo baya; isipomzuia illa na tiba, hiyo ni khofu iliyovaa nguo ya haya. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Wala lawama tusimtupie mgonjwa peke yake. Anayecheka barazani anaposikia neno "choo," na anayekwenda kumzuru mgonjwa akauliza amefanya nini, hao ndio waliomfunga mdomo.

Na yule ambaye uvimbe umekwisha kumtokea ngozini, asifichwe hali yake. Aambiwe kwa upole na kwa kadiri atakavyo kujua, apate kulipa deni, kurudisha amana na kuandika wosia. Wala asiambiwe kwamba hapana la kufanywa. Ziko dawa zinazoweza kumwongezea muda, na kutuliza maumivu ni tiba; Nairobi Hospice imefanya kazi hiyo tangu mwaka 1990.

Jawabu letu, basi, ni hili: mwenye kuona haya asifiwe kwa haya yake, naye aende kwa mganga. Nasi tulio wazima tulinde ndimi zetu, ili njia ya kwenda huko isiwe nzito kuliko maradhi.