Je, Ramani Ionyeshe Mlango Wangu?

Tuseme wapenda magari wa Gitega na Muyinga wamechora ramani ya wanachama kwenye intaneti, na kila mmoja ameweka alama nyumbani kwake. Toyota ikizimika Karuzi, njiani kati ya miji hiyo miwili, dereva ataona nani yuko karibu. Huo ni ujirani mwema. Lakini alama hiyo hiyo humwelekeza mwizi kwenye gari na, katika nchi iliyokumbwa na uhaba wa mafuta, hata kwenye dumu lililowekwa uani. Tena nyumba si ya mwanachama peke yake: mke, watoto na mpangaji hawakuulizwa. Naona haki ni kuonyesha mtaa au kilima, si mlango. Aliyekwama apige simu. Mwenye nyumba ndiye atakayemwelekeza.