Neno na Mwenyewe

Mwanafunzi wa chuo mjini Ifakara, akipewa insha juu ya historia ya bonde la Kilombero, hatakosa kukutana na kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, kilichochapishwa London mwaka 1935. Waandishi wake ni A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na mkewe, G. M. Culwick. Mwanafunzi akisha kuchota alichokitaka, huandika majina ya Culwick, mwaka na ukurasa. Kwa kanuni za chuo, deni amelilipa. Je, amelilipa kweli?

Ndani ya kitabu hicho mna sura ya Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena, na jina lake limetajwa wazi. Mwenye kunukuu sura hiyo akaandika majina ya Culwick peke yake hakuiba, kwani kitabu amekitaja. Lakini amechukua neno la mtu akampa mwingine. Aghalabu kosa hili humpita hata msahihishaji. Ndilo linaloonyesha kuwa adabu ya kurejelea si suala la mabano na nukta tu.

Watu wa pwani wanaijua adabu hii tangu zamani. Wapokezi wa Hadithi walihifadhi isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Watunzi wengi wa tenzi walitaja katika beti za mwisho majina yao, nasaba zao na miji yao. Jina lilikuwa dhamana: mpokezi akijulikana kwa uongo, pokezi lake lilidhoofika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kumtaja mwenye neno ni kumshukuru, na pia ni kumpa msomaji njia ya kumhoji. Kiwanga alikuwa mtawala, na mtawala anaposimulia asili ya utawala wake huwa ana la kutetea. Culwick naye alitumikia dola iliyowatawala watu aliowaandika. Msomaji ajuaye nani kasema huweza kupima. Asiyejua humeza tu.

Vivyo hivyo, ambaye hakukifungua kitabu cha 1935, bali kakikuta katika tanbihi ya mwandishi mwingine, na amtaje huyo mwingine. Akijifanya kakisoma mwenyewe, amekata mnyororo na kujipachika pasipo pake.

Pengine itaulizwa: na mzee asiyekuwa na kitabu maktabani? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji, vilivyofika hata Ifakara mwaka 1905. Waliyoyaandika kutoka vinywani mwa wazee yakawa marejeo ya wanahistoria. Basi mvuvi wa Kilombero naye ana haki ya kutajwa kwa jina, mahali na siku aliyosema. Akitaka jina lake lifichwe, lifichwe kwa ridhaa yake, si kwa usahaulifu wa mwandishi.

Mwanafunzi wa Ifakara, kwa hiyo, ana kazi ndogo ya kuongeza: "Towegale Kiwanga, katika kitabu cha Culwick na Culwick." Ni maneno machache. Bila ya hayo insha yake huenda ikapata alama zote, na mwenye neno akabaki anadai.