Nani Ana Ruhusa ya Kwenda Ziwani?

Swali hili niliulizwa na bibi mmoja jirani, asubuhi, kwenye bomba la maji, watu wote wakisikia. Alisema: "Weye unaenda kucheza ku ziwa, mugonjwa unamuachia nani?" Nilicheka, nikabeba kidumu changu nikaenda zangu. Siku mbili baadaye kicheko kiliisha.

Mimi hapa Nakivale nafanya kazi na vijana. Mpira, kuimba, mafunzo ya kushona, mazungumzo ya jioni. Kijana akikosa mara nne tunaandika kwenye rejista "ameacha". Mwaka jana nilitumwa kupita nyumbani kwa hao walioacha, niwaulize sababu. Nilidhani nitakuta wavivu, au nitaambiwa wamekwenda Mbarara kutafuta kazi. Wengine kweli walikuwa wameenda. Lakini kwenye nyumba sita nilikuta kijana ameinama, anamgeuza mtu kitandani. Mmoja ana miaka 17, mama yake alipatwa na kiharusi, upande mzima umekufa. Mwingine ni msichana anayembeba kaka yake mgongoni kumpeleka choo, na kaka mwenyewe ni mrefu kumshinda. Nilirudi nikafuta lile neno "ameacha", nikakosa la kuandika mahali pake.

Nilipofika nyumbani usiku ndipo nikajihesabu na mimi. Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni. Tulitoka Fizi tukiwa watatu, yeye, mimi na koko, na koko sasa haoni vizuri. Ni mimi ninayejua saa ya dawa, ninayejua macho yake yanavyokuwa kabla hajaanguka. Sikuwahi kujiita mlezi. Nilijiita dada.

Basi tukaanza kukaa pamoja Jumapili baada ya ibada, chini ya mparachichi, vijana na wakubwa. Alikuja papa mmoja fundi cherehani, mke wake kichwa kilivurugika tangu vita. Alikuja mama wa Masisi, bwana yake hatembei. Mwanzo tulikaa tu. Baadaye tukafanya likelemba ya shilingi 1,000 kila wiki, anayepokea ananunua sabuni na mafuta. Tukapanga mtu mmoja apange foleni ya dawa kwa niaba ya watatu. Tangu mwaka 2023, mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi, mambo yamekuwa magumu, na mtaani watu wakimwona kijana mwenye mikono mizima wanasema huyu anaweza kujitegemea. Hawaulizi hiyo mikono inashika nini mchana kutwa.

Wazo la ziwa lilitoka kwa papa fundi. "Kila Jumapili tunaongea magonjwa. Twende tukaone maji." Watu wakanyamaza. Mama wa Masisi akasema, "Nitacheka namna gani na bwana yangu analala pale?" Nikajibu kama nilivyofundishwa kwenye semina: mlezi akichoka mgonjwa anaumia, kwa hiyo tunapumzika ili tuwahudumie vizuri zaidi. Wote wakaitika. Hilo jibu nitalirudia huko mbele, maana siku hizi silipendi.

Tulikwenda watu kumi na moja. Wengine kwa miguu, wengine tuliwapakia bodaboda. Ziwa letu si kubwa, na ukingoni limejaa mafunjo, lakini ukipata pahali pa wazi unaona maji mpaka ng'ambo na mitumbwi ya wavuvi. Tulinunua samaki, tukasonga posho. Yule kijana wa miaka 17 alitupa mawe majini muda wote kama mtoto wa miaka saba. Papa fundi aliimba, na kumbe sauti anayo. Mama wa Masisi alitandika kitenge akasema ananyoosha mgongo kidogo. Akalala saa mbili nzima. Hatukumwamsha. Alipoamka samaki walikuwa wamekwisha, akatukasirikia kweli kweli, tukacheka mpaka naye akacheka. Sijui kama alikuwa amelala saa mbili mfululizo tangu bwana yake augue.

Saa tisa simu yangu ikalia. Mdogo wangu alikuwa ameanguka karibu na mafiga, mkono wa kushoto ukaingia motoni.

Nilikuwa nimemwacha na jirani, mama mwema, ambaye mimi ningemwachia hata pesa. Lakini alipoona povu mdomoni aliogopa. Si unajua watu wanavyosema, kwamba yale mate yakikugusa na wewe unaambukizwa. Alisimama mbali anapiga kelele mpaka mwanaume aliyekuwa anapita njiani akaja kumvuta. "Mi niliogopa, dada," aliniambia, analia kuliko mimi. "Ile povu."

Vidole viwili havikunjuki vizuri mpaka leo.

Kesho yake nilikutana na yule bibi kwenye bomba. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Wiki nyingi nilijiambia nina hatia, basi. Halafu siku moja nikiwa natembea kwenda kazini nikasimama njiani. Mimi naenda kazini siku tano kwa wiki. Siku tano namwacha mdogo wangu na koko asiyeona vizuri, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwenye bomba mgonjwa nimemwachia nani. Kama ile siku ningekuwa nalima shamba la mtu kwa shilingi 5,000 na mtoto akaungua, wangekuja na sukari na pole. Kutokuwepo kwangu kungekuwa kule kule, na mkono ungeungua vile vile. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nakula samaki na kucheka. Yaani kilichohukumiwa ni kicheko.

Nilifurahi kugundua hilo, nikatembea kwa mabega yaliyonyooka siku mbili hivi. Lakini yule bibi si mjinga, na nikimtafutia jibu lake nalipata. Angesema: njaa inakusukuma, huna la kufanya, ila ziwa umelichagua mwenyewe. Na hatari ya ile siku haikuwa juu yako, ilikuwa juu ya mtoto. Furaha umechukua wewe, moto ameupata yeye. Hapo sina pa kukimbilia. Ni kweli.

Ndiyo maana lile jibu la semina linanisumbua. Kusema tunapumzika ili tuwahudumie vizuri ni kama kusema ile furaha ilikuwa yao, sisi tuliibeba tu kuwapelekea. Ni uongo mdogo. Tena unatufanya kama baiskeli inayotiwa mafuta kwenye cheni ili ibebe gunia jingine. Mama wa Masisi hakulala ukingoni mwa ziwa kwa faida ya bwana yake. Alilala kwa sababu alikuwa amechoka na upepo ulikuwa mzuri. Kama anaruhusiwa kulala kwa sababu tu kesho atainua mtu, basi siku asipokuwa na mtu wa kuinua hana haki ya usingizi? Mimi nasema anayo. Nilikwenda ziwani kwa sababu nilitaka kwenda, na sasa ninaweza kulisema hivyo bila kutafuta kitambaa cha kulifunika.

Ila kuna kosa langu, na si lile la bomba. Miaka yote hiyo sikumfundisha mtu hata mmoja. Nilikuwa na kiburi fulani, nakiri hapa. Nilipenda watu waseme "bila dada yake huyu mutoto angekuwa amekufa." Nililalamika kwamba niko peke yangu, na chini chini nilipenda kuwa peke yangu. Yule jirani nilimwachia mtoto na chakula na namba ya simu, sikumwachia ninachokijua.

Sasa Jumapili tunafundishana wagonjwa wetu. Kila mtu anafundisha wa kwake, na wengine wanakwenda mpaka nyumbani kuona. Kijana alituonyesha namna ya kumgeuza mama yake bila kumvuta bega. Mimi nilifundisha ya kifafa: ondoa moto na kitu chochote kigumu, usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni, akitulia mlaze ubavu, tazama saa, ikipita dakika tano tafuta pikipiki ya hospitali. Na mate hayaambukizi. Hilo nililisema mara tatu, na jirani yangu alikuwa pale, nilimwalika mwenyewe. Alikaa nyuma. Wiki iliyofuata mdogo wangu alianguka nje karibu na kamba ya nguo, na ni yeye aliyefika wa kwanza, akamlaza ubavu, mikono inatetemeka.

Mdogo wangu ana miaka 16. Nilimsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa, juu yanamhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Weye unapumuzika kunichunga. Na mimi nani atanipumuzisha kuchungwa?" Sikuwa na jibu, na sina. Kwenye kikundi tulikuwa tumekubaliana kwamba safari ni za walezi tu, kwa sababu ukienda na mgonjwa unakwenda na kazi. Yeye anataka kwenda ziwani, na hataki kwenda na mimi. Anataka kwenda na rafiki zake wawili wa kwaya.

Nimesema nitafikiri. Ni kilomita chache tu na maji yapo. Rafiki zake wameanza kuja Jumapili chini ya mparachichi, mmoja ameniuliza dakika tano anazihesabu kuanzia wapi. Safari yetu ya pili tumeipanga baada ya mvua, mchango shilingi 3,000, na safari hii mama wa Masisi amesema samaki wake agawiwe kwanza kabla hajanyoosha mgongo.