Nani Awe Nati?

Fungua jiliwa kuukuu, au vaisi kama tunavyoiita, katika karakana yoyote ya jua kali hapa Kericho. Mara nyingi utakuta skrubu ya chuma bado iko sawa; nati ndiyo imeliwa nyuzi. Fundi wa leti akichonga mpya, hupendelea shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hivyo zikisuguana, nati ndiyo itaisha. Afadhali hivyo, maana skrubu ndefu ni ghali.

Kwa vyuma, hiyo ni akili. Kwa watu je?

Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa hapa Kericho. Ni rahisi kusema waliochoma wanapinga maendeleo. Lakini mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na gharama ikipungua, anayepungua ni mchumaji.

Najua kila mtambo lazima ulike mahali. Shida yangu ni kumchagua aliye laini, kisha kumlaumu kwa ulaini wake. Mwenye vaisi hutenga pesa ya nati. Mwenye mashine amemtengea nini mchumaji?