Uhalali Hauishi Ndani ya Kamba

Chakula cha jioni ya siku ya kazi, kikiwa cha baharini, hakihitaji zaidi ya nusu saa. Wakati wali unakauka kwa moto mdogo, kikaangio cha pembeni kinapata mafuta, kitunguu thomu, tangawizi iliyopondwa na pilipili mbichi iliyopasuliwa. Kamba waliomenywa huingia na kutoka dakika mbili tatu baadaye, mara tu rangi yao ya kijivu inapogeuka kuwa nyekundu. Ngisi aliyekatwa pete hukaa muda mfupi zaidi, maana akipitiliza meno yatafanya kazi ya bure. Pweza ndiye asiyekubali haraka: lazima awe amechemshwa mapema mpaka alainike, na supu yake ya zambarau isimwagwe. Ndimu, kotimiri, vijiko viwili vya tui zito juu, na bakuli limekamilika. Mpishi wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anaweza kulipakua bila kuwaza lolote. Lakini akikaribisha majirani wanne wa mtaa mmoja, huenda wawili wakala vyote, wa tatu akachambua kamba na kuacha mengine, na wa nne akaomba wali mtupu. Wote wanamwamini Mungu, na wote wana sababu zao. Hapo ndipo swali linapozuka: huo uhalali na uharamu, uko wapi hasa? Umo ndani ya nyama ya kiumbe, au uko mahali pengine? Hoja ya makala haya ni kwamba ndani ya kamba haumo kabisa, na kwamba anayeutafuta humo atakosea mara mbili: atawadharau wanaokula tofauti naye, na atajiona amemaliza wajibu wake pale ambapo ndio kwanza umeanza.

Tuanze na ushahidi wa mtaani. Wengi wa Waislamu wa mwambao ni Washafii, na kwao mlango wa bahari uko wazi: kamba, ngisi na pweza ni halali, hata bila kuchinjwa. Msingi ni aya ya 96 ya Suratul Maida, inayohalalisha mawindo ya bahari, pamoja na hadithi mashuhuri ya mtu aliyemuuliza Mtume kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, akajibiwa kwamba maji yake yanatwaharisha na kilichokufa humo ni halali. Wahanafi, wakiwamo wengi wenye asili ya Bara Hindi, wanasoma maandiko hayo hayo na kuona kuwa kinachokusudiwa ni samaki tu. Pweza na ngisi hawamo, na kamba amewagawa wanazuoni wao muda mrefu, baadhi wakimhesabu samaki na wengine wakimkataa. Mashia Ithnaashari hushikamana na samaki mwenye magamba, kisha wakamruhusu kamba kwa riwaya za maimamu wao, na mlango ukafungwa kwa pweza, ngisi na kaa. Msabato wa Upare au wa Kisii, akifuata Mambo ya Walawi sura ya 11, hudai mapezi na magamba vyote viwili, kwa hiyo kitoweo chote cha bakuli letu hakimfai, wala kambare wa ziwani hamfai. Mkatoliki wa nyumba ya pili hula vyote na kutaja maono ya Petro katika Matendo ya Mitume sura ya 10. Na hata kwa Washafii wenyewe mambo si mepesi kama wanavyopenda kudhani. Minhaj at-Talibin ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, humweka kaa pamoja na chura na nyoka miongoni mwa viumbe wanaoishi majini na nchi kavu, na kuwaharamisha wote. Ni wangapi wanaovunja magando ya kaa wa mikoko huku wakijiita Washafii, hilo tuliache, maana mjadala wake huharibu karamu.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba pande hizi hazikosani kuhusu kiumbe mwenyewe. Hakuna Mhanafi anayedai kuwa amegundua ndani ya pweza kitu ambacho Mshafii hakukiona. Wanajadili maana ya agizo. Chukua kisa cha jeshi la Abu Ubayda, kilichomo katika Bukhari na Muslim: watu kama 300 walioishiwa chakula, wakakuta ufukweni mnyama mkubwa wa baharini amekufa, wakamla kwa siku nyingi, na Mtume naye akala sehemu ya nyama yake waliporudi Madina. Washafii wanaona hapo ushahidi kwamba bahari yote iko wazi, na kwamba haikuwa ruhusa ya njaa tu, kwa kuwa Madina hapakuwa na dharura hiyo. Wahanafi wanajibu kwamba riwaya yenyewe inamwita mnyama yule samaki, kwa hiyo haivuki mpaka wao. Mzoga ni ule ule, na hakuna aliyehitaji maabara ili kutoa hukumu.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalopendwa zaidi siku hizi, ni la afya. Watu husema kwamba makatazo ya kale yalikuwa tiba iliyovaa kanzu ya dini: vyakula vya gamba huoza upesi kwenye joto, hapakuwa na barafu, kwa hiyo Mungu au watunga sheria wakawakinga watu. Hoja hii ina wazee wakubwa. Maimonides, aliyefariki 1204, alikuwa tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi, na katika Mwongozo wa Waliochanganyikiwa alishikilia kwamba vyakula vilivyokatazwa vina madhara mwilini, na kwamba mapezi na magamba ni alama tu za kutambulia samaki wazuri. Siwezi kumdharau tabibu wa cheo hicho, lakini soko la samaki linampinga. Jodari na vibua wana mapezi na magamba, na kila dini niliyoitaja inawaruhusu. Hata hivyo wakikaa juani saa chache, nyama yao hujenga histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na familia nzima inaweza kuishia zahanati uso ukiwa mwekundu na moyo ukienda mbio. Kwa upande wa pili, kaa aliyeharamishwa na Minhaj, akipikwa siku ile ile, hamdhuru mlaji wa kawaida. Kama sheria hizi zingekuwa za afya, zimeandikwa vibaya sana.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Pemba, nao unauma. Novemba 2021 watu 7 walifariki huko baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, walifariki watoto 8 na mtu mzima mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Kuna atakayesema: basi mnaona, wanazuoni wengi wa Kishafii humkataza kasa, na katazo lingewaokoa. Kweli lingewaokoa, kama ambavyo lingewanyima kitoweo kila siku nyingine ambapo kasa hakuwa na sumu, maana si kila kasa anayo, na ndiyo sababu nyama hiyo ilizoeleka kuliwa. Sumu ile ilikuwa ndani ya kasa. Haikuuliza madhehebu ya mlaji, wala nia yake, wala njaa yake, na ingemuua Mhanafi, Mkatoliki na asiye na dini kwa usawa. Hivyo ndivyo kitu kilichomo ndani ya nyama kinavyotenda. Uharamu hautendi hivyo hata siku moja. Unamhusu huyu na haumhusu yule, wakati mwingine unamhusu mtu leo na kesho haumhusu.

Aya ile ile ya Suratul Maida inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko maelezo yangu. Baada ya kuhalalisha mawindo ya bahari, inaharamisha mawindo ya nchi kavu kwa mtu akiwa katika ihramu ya hija au umra. Swala ambaye Mwislamu angemla kwa amani kabla ya kuhirimia, sasa hamgusi, na akishatoka katika ihramu anarudi kuwa halali kwake. Swala hakubadilika hata unyoya. Aliyebadilika ni mwindaji. Aya ya tatu ya sura hiyo hiyo, nayo, baada ya kuorodhesha nyamafu, damu na nguruwe, inamwondolea lawama mwenye njaa ya kufa. Atakayesema kwamba Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, aligawa haramu kuwa ile iliyo haramu kwa sifa ya kitu chenyewe na ile inayoharamika kwa njia ya kukipata, amesema kweli. Lakini Ghazali huyo huyo, alipoandika juu ya misingi ya fiqhi, alifuata wanateolojia wa Kiashari: hukumu ni maneno ya Mwenyezi Mungu yanayoelekezwa kwa vitendo vya wenye wajibu, si sifa iliyobandikwa kwenye vitu. Divai haina dhambi. Dhambi ni ya mnywaji. Paulo, akiwaandikia Warumi sura ya 14, alifika karibu sana na hapo kwa njia yake, aliposhikilia kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake, ila kwa yule anayekiona hivyo. Waliokosana kuhusu mengi makubwa wamekutana hapa, na kukutana kwao kuna uzito.

Wanaanthropolojia wana jibu jingine, na nitalipitia haraka. Mary Douglas, aliyeishi na Walele wa Kasai nchini Kongo kabla ya kuandika kitabu chake cha 1966 kuhusu usafi na hatari, alidai kwamba Mambo ya Walawi yanawakataa viumbe wanaovuruga mpangilio: cha majini kiogelee kwa mapezi, na kinachotambaa humo kiko mahali pasipo pake. Walele walimfundisha kupitia kakakuona, mwenye magamba ya samaki lakini apandaye miti. Hata hivyo wao hawakumtupa, bali walimla kwa ibada maalumu. Ni maelezo ya kuvutia, na baadaye mwenyewe aliyakosoa kwa kiasi kikubwa. Kwetu yanafaa kwa jambo moja tu: mpangilio wenyewe uko vichwani mwa jamii. Pweza hajijui kuwa amevuruga chochote.

Pingamizi la pili ndilo linalowatisha waumini wenyewe. Kama uharamu haumo ndani ya kitu, basi si ni maoni tu? Kila mtu ale atakacho na kusema kwake ni halali. Hofu hii inachanganya mambo mawili: kitu kutokuwa ndani ya nyama, na kitu kutokuwepo. Deni halimo ndani ya noti. Ukiichunguza noti ya elfu kumi kwa darubini hutaona kama inadaiwa au la, lakini deni lipo, lina tarehe, lina mwenyewe, na linaweza kumnyima mtu usingizi. Vilevile linambana mdaiwa bila kumbana jirani. Ithnaashari anayemwacha pweza anafunga ahadi yake na Mola wake kwa njia aliyorithi na kuikubali, na ahadi hiyo haimpi haki ya kumwona Mshafii anayemtafuna pweza kuwa mchafu. Wala Mshafii hana sababu ya kumcheka Msabato anayesukuma bakuli pembeni. Asiyekuwa huru ni yule anayehama madhehebu kila jioni kulingana na bei sokoni, maana huyo hajafuata njia yoyote. Wanazuoni wa madhehebu yote wana maneno makali juu yake.

Pingamizi la tatu linatoka upande ambao wafuasi wa hoja hii hawautarajii, nami naona ndilo gumu kuliko yote. Maumivu, je? Hayo hakika yamo ndani ya mnyama. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa mikononi mwake, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayowatambua pweza na ngisi, pamoja na kamba na kaa, kuwa viumbe wenye hisia. Hapa nakubali bila kupunguza. Maumivu yako upande mmoja na sumu ya kasa: hayasubiri fatwa. Ila hilo haliivunji hoja, linaikamilisha. Kama uhalali ungekuwa sifa ya nyama, mlaji angemaliza kazi kwa kuuliza jina la kiumbe. Kwa kuwa uhalali ni hukumu ya kitendo, kitendo chote kinaulizwa, tangu mwambani. Mwanamke wa Unguja anayetembea juu ya miamba maji yakiwa yametoka, akamchokoa pweza kwa chuma na kummaliza haraka, hafanyi kitendo kimoja na anayemwacha ajikunje ndooni mpaka jioni. Hadithi inayoagiza kunoa kisu na kumpumzisha mchinjwa haikutungwa kwa ajili ya pweza, lakini sioni kwa nini ihesabiwe haimfikii. Na samaki wa baruti, uvuvi uliopigwa marufuku Tanzania tangu 1970, anaweza kuwa changu mwenye mapezi na magamba kamili, halali kwa kila orodha niliyoitaja, huku aliyemvua amebomoa matumbawe ambayo wavuvi wa kesho walikuwa wayategemee. Ghazali angemweka samaki huyo katika fungu lake la pili, la njia ya kupata, bila kusita.

Kinachobaki ni cha jikoni, na hakijafikiriwa vya kutosha na wale wanaosifu ukarimu wetu wa pwani. Mpishi wa siku ya kazi mwenye wageni mchanganyiko anaweza kuwatenga kamba kwenye sahani yao na ngisi kwenye yake, kila mtu akajipakulia. Hilo ni rahisi. Gumu ni ile supu ya zambarau. Wali uliopikwa kwa supu ya pweza una ladha ambayo maji ya bomba hayaitoi, na ukishaiva hakuna awezaye kuuchambua. Mgeni wa Kihanafi atakula kwa kutokujua, akitabasamu, na hukumu ya kitendo hicho haitamwangukia yeye. Basi mpishi apike wali kwa maji, aweke chumvi, na supu aimimine kwenye kibakuli chake pembeni, akiitaja kwa jina wakati anapoiweka mezani.